Kuivuta Hoteli Hadi Endarasha

Nilipostaafu udereva katika polisi, watu wa Kiganjo waliniuliza swali moja kwa namna nyingi: unarudi kwenu lini? Kwetu ni magharibi, na niliondoka huko nikiwa na miaka kumi na tisa, kuruta mwenye sanduku la bati aliyekuja chuo cha polisi cha Kiganjo. Nilitumwa kaskazini, nikatumwa pwani, mwishowe nikarudishwa Kiganjo kuendesha malori ya maji hadi siku niliyokabidhi funguo. Wanangu walizaliwa hapo na kusomea hapo. Niliwajibu wote kwamba sirudi popote. Nikanunua pickup kuukuu ya dizeli, nikaanza kubeba nyasi za ng'ombe, mbolea na viazi, na wale waliokuwa wakinihesabia siku za kuondoka wakawa wateja wangu.

Kila asubuhi kabla ya safari ya kwanza nilikunywa chai kwa rafiki yangu. Alikuwa na hoteli ya mbao kando ya barabara, chumba kimoja chenye meza mbili, dirisha la kupitishia vikombe na paa la mabati. Yeye ni Mkikuyu wa Endarasha, rika langu. Hoteli ile aliijenga kwa mikono yake mwaka alioachana na mumewe. Alinunua mbao kidogo kidogo, akapima, akakata, akapigilia, na wanaume waliopita wakimcheka ndio waliokuja kuwa wa kwanza kuagiza maandazi.

Mapema mwaka wa safari hii, mwenye ploti iliyobeba hoteli akaiuza. Mnunuzi hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe, akanywa chai, akasema anataka kujenga na kwamba kibanda kiwe kimeondoka kabla ya mvua. Kila aliyesikia alimshauri rafiki yangu abomoe, afunge mbao na mabati, auze. Hakutaka kusikia. Mbao zilizokaa kwa misumari miaka yote hiyo ukizing'oa hupasuka, na hata zisipopasuka, alikuwa na sababu kubwa zaidi, ambayo alinieleza siku moja wateja walipokwisha.

Mama yake, kabla ya kufariki, alikuwa amempa robo ekari kando ya barabara huko Endarasha. Aliitoa mbele ya watoto wake wote, na hakuna aliyepinga kwa mdomo. Baada ya mazishi, kaka yake mkubwa akaanza kusema kwamba ardhi isiyo na kitu juu yake ni ya kulimwa, na kwamba mvua ya Machi ikifika kabla dada yake hajaweka nyumba, yeye atapanda viazi. Akishapanda msimu mmoja atapanda wa pili, na baada ya hapo nani atakumbuka maneno ya mama?

"Mbao zikilala kwa nyasi, hiyo si nyumba," aliniambia. "Nataka ifike ikiwa imesimama. Afande, hiyo gari yako inaweza kuvuta nyumba?"

Nilimjibu kwamba inaweza. Nilisema hivyo kabla sijafikiri.

Niliazima trela kwa mfugaji mmoja wa Mweiga niliyekuwa nikimbebea nyasi. Nikaijaza mawe, nikajaribu mlima mfupi unaotoka mtoni. Ilikuwa saa sita, Februari, anga tupu bila wingu, lami inang'aa kama imemwagiwa mafuta. Sikufika nusu ya mlima. Mshale wa joto ulipanda, ukapita mahali pake, ukagusa nyekundu, na mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Nikasimama na mawe yangu, magari yakinipita.

Nilipeleka gari kwa fundi wangu wa siku zote. Alifungua, akachungulia, akafuta mikono.

"Afande, hii gari ni ya kubeba, si ya kuvuta. Na hii jua yote? Utaua injini."

Kisha akaniuliza ninataka kuvuta nini. Nilipomwambia, alicheka hadi wenzake wakaja kusikiliza. Akanishauri nikodi lori lenye kreni, au nimwache yule mama abomoe kibanda chake kama watu wengine. Kicheko ningekivumilia. Lakini akaongeza, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba yule mama ana ndugu zake, na mambo ya shamba ya watu wa hapa niwaachie watu wa hapa.

Nimekaa mlimani huku sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima. Nimebeba maji hadi kwenye shule ambazo wajukuu wa fundi huyo wanasoma. Nilimwuliza tu thamostati ya gari langu iko wapi. Hicho ni kidude kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini, kinafunga na kufungua kulingana na joto. Alikuwa amekitoa yeye mwenyewe miaka miwili nyuma, akaniambia ni cha nchi za baridi.

Kosa lilikuwa langu pia, na sitalificha. Nilijifunza katika karakana za serikali na nilijua kazi ya kile kidude. Kwenye injini kama yangu, kikifunguka kinaziba njia ya mkato, ili maji yote yapite kwenye rejeta yakapoe. Ukikitoa, sehemu ya maji hukata kona na kurudi injinini yakiwa yangali moto. Gari tupu halitakuonyesha tofauti. Livutishe mzigo mlimani, kwenye jua, ndipo utaona. Siku ile nilikuwa na haraka nikanyamaza. Tena kwa miaka miwili nilikuwa nikijazia maji ya mto, ya rangi ya chai, kwa sababu mto ulikuwa karibu.

Nikaliondoa gari kwa fundi, nikafanya kazi uani kwangu siku tatu. Niliitoa rejeta, nikaiosha kwa mpira wa maji kuanzia upande wa chini, kinyume na mwendo wake wa kawaida, na matope mekundu yakatoka hadi nikaona aibu. Kwa nje, mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupitisha hewa, yalikuwa yamezibwa na vumbi, mbegu za nyasi na wadudu waliokauka. Rafiki yangu alikuja baada ya kufunga hoteli, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akayasugua kwa mswaki wa zamani, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu uleule anaotumia kuchagua maharagwe. Nikafunga thamostati mpya, kifuniko kipya cha rejeta na mkanda mpya wa feni. Nikajaza kulanti, yale maji ya kijani, badala ya maji ya mto.

Nilipojaribu tena na mawe yaleyale, mshale ulipanda kidogo ukakaa. Sikupita kwa fundi kumwonyesha. Nilikuwa na kazi.

Siku ya kuhama tulipanga kuondoka alfajiri, kukiwa na baridi. Haikuwa hivyo. Hoteli ilibidi iinuliwe kwa jeki kona moja baada ya nyingine, ipitishiwe nguzo chini, kisha isukumwe juu ya trela, na wanaume wanane waliojitolea walikuwa na maoni manane. Jeki moja ilizama mchangani. Dirisha likagoma kufungwa. Hadi tunamaliza kuifunga kwa minyororo na kamba, ilikuwa saa tano, na jua lilikuwa limeshika kazi yake.

Nikaanza polepole. Kwenye kioo sikuona barabara nyuma yangu, niliona ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya samawati, na neno "CHAI" limepinduka kushoto kulia. Watu wa Kiganjo walitoka madukani kutazama. Mmoja akapiga picha. Rafiki yangu aliketi kando yangu, mkoba magotini, akitazama mbele kama mtu anayepelekwa kanisani.

Tuliupita mji wa Nyeri kwa pembeni, tukashika barabara ya Mweiga. Mlima wa kwanza ulitukuta humo. Hoteli ni pana na inazuia upepo kama ukuta unavyozuia, kwa hiyo injini ilikuwa ikivuta uzito na kusukuma hewa kwa pamoja. Mshale ukaanza kupanda. Nikashuka hadi gia ya pili, nikashusha vioo vyote, kisha nikawasha hita hadi mwisho.

Rafiki yangu akanitazama. Hewa iliyotutokea miguuni ilikuwa kama ya tanuri.

Nikamweleza kwamba hita inachota joto la injini na kulileta ndani kwetu. Tunaisaidia kubeba. Alivua sweta, akavua kitambaa cha kichwa, akajipangusa shingo na kuendelea kutazama mbele. Jasho lilinitiririka mgongoni hadi kiti kikalowa. Lakini mshale ulisimama, na tukaumaliza mlima ule.

Kabla ya Mweiga nililazimika kupumzisha gari. Nikaegesha kando, nikaacha injini iendelee taratibu ili maji yazunguke, nikafungua boneti. Mwendesha bodaboda mmoja akasimama kusaidia. Alikuwa na nia njema na kitambaa mkononi, na kabla sijafika mbele alikuwa ameunyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Nilimshika mkono. Nimeona kuruta aliyefungua kifuniko kama hicho, na uso wake haukurudi ulivyokuwa. Nikasimama kati yake na injini hadi akaelewa. Alisema feni inazunguka, basi kuna nini cha kuogopa? Nikamwambia maji yale yamefungiwa humo kwa nguvu na yatatoka kwa nguvu, na kwamba ninayeamua lini yafunguliwe ni mimi. Akaenda zake amenuna kidogo.

Baada ya Mweiga nchi inafunguka. Nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya gunia, na upepo wa mchana wa Kieni ulikuwa umeamka, ukitoka upande wa Mlima Kenya, moja kwa moja mgongoni kwetu. Mtu angedhani upepo wa nyuma ni msaada. Kwa injini si msaada. Tulikuwa tukienda polepole kuliko upepo wenyewe, kwa hiyo hakuna hewa iliyokuwa ikipita kwenye rejeta isipokuwa ile ya feni, na vumbi letu lilikuwa likitupita na kutangulia mbele. Mshale ukapanda hata kwenye tambarare. Hita ilikuwa tayari imefika mwisho. Sikuwa na kingine cha kuongeza.

Nikatoa trela nje ya barabara, nikaweka mawe chini ya magurudumu, nikaifungua kwenye gari. Kisha nikaigeuza pickup peke yake, nikaielekeza pua kwenye upepo, boneti wazi, injini ikinguruma taratibu. Rafiki yangu alishuka akasimama kivulini mwa hoteli yake, katikati ya nyika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona akitabasamu. Alisema hajawahi kuona kivuli chake mwenyewe kikisafiri. Katika dakika ishirini mshale ulikuwa umerudi mahali pake. Nilikuwa nimejifunza jambo ambalo karakana haikunifundisha, na nikaligeuza gari tena, nikaifunga trela.

Mlima wa mwisho ulikuwa unaingia Endarasha. Si mrefu, ila umesimama, na lami hapo imeliwa kando. Saa tisa, jua usoni. Nilijua kabla ya kuanza kwamba gari halitaupanda kwa pumzi moja, kwa hiyo nikaamua litaupanda kwa vipande. Nilimweleza rafiki yangu. Akachukua gogo la mti tulilokuwa tumelifunga nyuma, akaniambia yeye atatembea.

Basi tukapanda hivyo. Gia ya kwanza, hatua kama mia, mshale unakaribia nyekundu, nasimama. Yeye, nyuma ya trela, anaweka gogo chini ya gurudumu na kupiga ukuta mara mbili kwa kiganja. Mimi naachia breki taratibu, uzito unalala kwenye gogo, injini inapumua. Tunangoja. Mshale ukishuka, napiga honi, tunaanza upya. Kwenye kituo cha nne, trekta ikashuka mlima na kusimama mbele yetu.

Aliyeiendesha alikuwa kaka mkubwa wa rafiki yangu. Mtu mrefu, nadhifu, mzee wa kanisa. Alinisalimia kwa adabu, akaniuliza habari ya safari, akazunguka gari na trela kama mtu anayekagua ng'ombe. Kisha akasema injini yetu imechoka, na kwamba atafunga trela kwenye trekta yake aipeleke nyumbani kwake, ikae huko salama hadi familia ikae chini izungumze.

Rafiki yangu alikuja kutoka nyuma, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kwako si kwangu," alisema. "Kama unataka kunisaidia, vuta mpaka kwa shamba yangu. Kama ni kwako, toa tractor kwa barabara."

"Hiyo shamba ni ya baba."

"Ni ya mama. Na alinipa ukiwa umekaa hapo kwa kiti."

Kaka alinigeukia. Aliniambia, bila hasira, kwamba haya si maneno yangu ya kuingilia, mimi na yeye ni watu wazima, ninajua jinsi mambo ya familia yalivyo. Ilikuwa mara ya pili katika mwezi mmoja mtu kuniambia hivyo, na mara hii nilijibu.

"Mzee," nikamwambia, "mimi ni dereva. Mwenye mzigo amesema unaenda wapi."

Nikapiga honi. Rafiki yangu alirudi nyuma kwenye gogo lake. Kaka alipanda trekta yake, akaisogeza kando, si mbali, ila ilitosha kupita. Nilimpita karibu kiasi cha kumgusa bega.

Hakuondoka. Alikaa akitazama, na nadhani alikuwa akingoja injini ife. Haikufa. Kwenye kituo cha sita, wanawake wawili waliotoka kupeleka maziwa waliweka mikebe yao kwenye trela na mmoja akamnyang'anya rafiki yangu lile gogo, akamwambia apumzike mgongo. Hawakuuliza hoteli ni ya nani wala inaenda wapi. Walifahamu. Kijiji kizima kilifahamu, nadhani. Hadi tunafika juu walikuwa sita, wakipokezana, na kila nikisimama nilisikia viganja vingi vikipiga ukuta badala ya kimoja.

Shambani tulikuta mifereji mitatu ya jembe la trekta imeshapita ukingoni, udongo wake ungali mweusi. Nikauliza niweke wapi, kwa sababu palikuwa na sehemu nzuri zaidi upande wa pili, penye nyasi.

"Weka hapo juu yake," rafiki yangu alisema.

Nikarudisha trela nyuma hadi magurudumu yakakanyaga mifereji. Kuishusha hoteli kulihitaji watu na jeki, na hiyo ilikuwa kazi ya siku nyingine, lakini yeye hakungoja. Alipanda, akalisukuma lile dirisha hadi likakubali kufunguka, akawasha jiko. Wale wanawake walikunywa chai wakiwa wamesimama chini, wakinyoosha mikono juu kupokea vikombe. Hoteli ilifanya kazi juu ya trela siku tatu, na mwenye trela alinipigia simu kila siku, na kila siku nilimwambia kesho.

Watu huniuliza kama injini iliumia. Iliumia. Wiki iliyofuata niliona mapovu kwenye rejeta na mafuta yamegeuka rangi ya maziwa, maana maji yalikuwa yameingia humo. Nikatoa kichwa cha injini, nikakipeleka mjini Nyeri kikasawazishwe, nikafunga gasketi mpya, ile inayoziba kati ya kichwa na injini. Nilijua tangu kituo cha nne kwamba huenda ikawa hivyo, na ningefanya vilevile.

Kaka alipeleka neno kwa chifu. Chifu alikuja, akaita majirani, na waliokuwapo mama alipotoa ardhi wakasema walichosikia. Hakuna aliyetetemeka. Robo ekari ikabaki ya rafiki yangu. Mvua iliponyesha, kaka alipanda viazi vyake hadi mpakani, kisha mstari mmoja zaidi ndani. Rafiki yangu aliung'oa ule mstari asubuhi na mapema, akavipanga vile viazi vya mbegu kwenye karai na kuvirudisha mlangoni kwa kaka yake bila kubisha hodi. Hadi leo kaka hajaingia hotelini. Mkewe huingia kila siku, na huketi meza ya mbele.

Mimi bado nakaa Kiganjo. Swali la narudi kwetu lini limepungua. Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja ambaye hatukuwa tumezoeana alinivuta kando. Alikuwa na nyumba ya kuku, ya mbao, kubwa, na alikuwa amekosana na wakwe. Alitaka kuihamishia kwa dada yake upande wa Naro Moru, na mafundi wote walikuwa wamemwambia haiwezekani.

Nilimwuliza ina upana gani, na kama barabara ya kwa dada yake ina mlima.